Posa ya Mlinzi

Walikuja kwa siku moja, na wote kwa sauti ya juu.
Wa kwanza kavaa kijani, alama ya tiki kifuani,
anasema mwaka wa kwanza rial tatu tu, bibi, kama sadaka.
Nikamuuliza: na mwaka wa pili?
Akaandika jawabu kwa herufi za sisimizi
kule chini, ambako miwani yangu haifiki.

Nyumba yetu ipo Mawaleh, ghorofa ya pili.
Kompyuta inakaa chumba cha kulia,
nimeifunika kitambaa cha viua nilichodarizi mwenyewe.
Humo mna oda za visheti na mikate ya ufuta,
picha za arusi ya Thuwaiba, hati ya nyumba,
bili za umeme za miaka sita.
Si hazina.
Ila ndiyo yangu, na sina nyingine.

Mwengine alikuja bure.
Bure! Nami nimelelewa na mama aliyekuwa akisema:
anayekuletea maji hujayaomba,
usiitazame gilasi, tazama macho yake yanazunguka wapi.
Ya huyu yalizunguka.
Alitaka kujua kila ukurasa nilioupita,
saa ninayolala, nani kaniandikia.
Nikamwambia mlinzi wa mlango
haandiki shajara ya mwenye nyumba.

Na yule wa tatu, kidirisha chekundu
kilichochomoka katikati ya oda ya Bi Rayyah,
king'ora, mishale, KOMPYUTA YAKO INAKUFA,
na namba ya kupiga sasa hivi.
Huyu nilimpigia.

(Haya hamyajui, wanangu. Nayaweka hapa
kwa sababu shairi halina nyusi za kunyanyua.)

Kijana mpole. Kaniita mama mara saba,
na mara ya saba nikamsomea
tarakimu sita zilizoingia kwenye simu.
Rial mia na arubaini. Pesa za oda za Idi.

Nikaenda Ruwi kwa Biju fundi,
juu ya duka la saa, lifti mbovu.
Nilitaraji aniuzie sanduku linalong'aa.
Akanivutia kiti, akasema kwa Kiarabu chake cha dukani:
mlinzi unaye, kaja na mashine yenyewe,
hana sare, hana kelele,
umemzima mwenyewe mwezi wa tatu.
Kweli nilimzima.
Alinichosha na sasisho zake,
subiri, subiri, usinizime kwanza,
kama mkwe anayeuliza kila saa mlango umefungwa.

Akamwamsha. Akanitilia kivinjari kipya
na kiongezo kimoja kinachofagia matangazo
kabla hayajavua viatu ukumbini.
Akafuta wale vidakuzi, nami nikacheka:
aliyewapa jina aliwajua, maana ni wadaku hasa,
nyumba hadi nyumba na habari za kitanda nilichokiulizia bei.

Halafu nywila.
Zote zilikuwa jina la marehemu Sleyum
na mwaka tuliooana.
Biju hakusema kitu. Akanisogezea kibodi.
Hilo ndilo lililoniuma, kuliko hata zile rial:
kumtoa Sleyum kwenye barua, kumtoa duka la unga,
kumtoa benki, mlango mmoja mmoja,
na mahali pake kuweka maneno manne yasiyojuana
(siyaandiki hapa; hilo nalo nimejifunza).

Jana kidirisha chekundu kilirudi.
Sijui kilipitia wapi, kila ua una tundu.
Mkono ulinitetemeka kidogo,
nikaenda kwanza jikoni kukoroga shira isigande.
Niliporudi kilikuwa bado kinanililia.
Nikakifunga.
Nikazima taa, nikamwacha yule wa kimya
ahesabu mafaili yangu usiku kucha,
laki tatu na kitu, moja moja,
bila kuniita mama.